Mji uliolishwa kwa ndege: Berlin 1948 kwa macho ya karani wa tali

(Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa vijana waliomaliza kozi fupi ya klaringi na fowadingi, yaani kazi ya kutoa na kusafirisha mizigo ya watu bandarini, baadhi yao waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama nilivyosema, mtanisamehe pale nilipozurura)

Haya, shikamooni wakubwa wenzangu mlioko mbele hapa, na nyie wanangu wa nyuma marahaba ingawa sijasikia mtu akiamkia. Aliyenialika aliniambia "mzee njoo uzungumze nusu saa, chochote kile kuhusu mizigo", nikamuuliza chochote kweli? akasema chochote, sasa leo atajuta maana nimekuja na stori ya Ujerumani ya mwaka 1948 na sina mpango wa kuifupisha.

Mnanijua, mimi nilikuwa karani wa tali gatini miaka thelathini na ushee. Yule mtu anayesimama na ubao na kalamu, jua kali, makuli wanashusha magunia yeye anapiga mistari minne na wa tano anakata, ndo mimi huyo. Kwaiyo nikisoma historia nasoma kama karani, wenzangu wanatafuta nani alimpiga nani, mimi natafuta mzigo ulikuwa tani ngapi, ulipita wapi na karatasi zake zilikuwa wapi. Na katika stori zote za mizigo nilizowahi kukutana nazo hakuna inayofikia hii, mji wenye watu zaidi ya milioni 2 unafungiwa barabara, unafungiwa reli, unafungiwa mifereji ya majahazi, unakatiwa na umeme, halafu unalishwa kwa ndege karibu mwaka mzima. Si ndege hizi za leo zenye tumbo kama ukumbi wa harusi, ndege za propela, za mizigo ya tani tatu, kubwa yake tani kumi.

Watu wakisikia Vita Baridi wanawaza majasusi wenye makoti marefu na mabomu ya nyuklia. Mimi nikisikia Vita Baridi nawaza karatasi. Karatasi ya noti na karatasi ya makubaliano. Nivumilieni mtaona.

Sasa turudi nyuma kidogo, haraka haraka. Mei 1945 Hitler ameshajiua na Ujerumani imesalimu amri. Washindi wamekaa Yalta mwezi wa pili mwaka huohuo, wakaja kukaa tena Potsdam Julai mpaka Agosti, upande wa Urusi Stalin yuleyule, ila upande wa Marekani Roosevelt amefariki yupo Truman, na Churchill kaondolewa na wapiga kura mkutano ukiendelea akaja Attlee kukaa kwenye kiti chake. Wakagawana Ujerumani vipande vinne, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Warusi. Nikisema Warusi wasomi mnisamehe, najua walikuwa Wasovieti, ulimi wangu umezoea hivo. Berlin yenyewe, mji mkuu, ilikuwa ndani kabisa ya kipande cha Warusi, kama kilometa 160 kutoka mpaka wa upande wa magharibi, lakini kwa kuwa ni mji mkuu nao ukagawanywa mara nne. Chukulia ndugu wanne wamerithi nyumba, kila mmoja kapewa chumba, sasa sanduku la marehemu liko katikati ya chumba cha ndugu mmoja na wote wanne wana haki nalo. Huyu mwenye chumba lazima kila siku awapishe wenzake wapite. Siku akinuna je?

Wakanuna, na siyo upande mmoja. Machi 1946 Churchill, si waziri mkuu tena, akaenda kwenye mji mdogo wa Fulton huko Missouri akahutubia kwamba Pazia la Chuma limeshuka kukatiza Ulaya kutoka Stettin mpaka Trieste, yaani Ulaya ya Warusi imetengwa na ya magharibi. Machi 1947 Truman akaomba Bunge lake dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki, kwa sababu Mwingereza alishasema hawezi tena, mfuko umetoboka. Na kweli ulitoboka, hapa niseme kitu ambacho watu wengi hawakijui, Uingereza haikuwahi kugawa mkate kwa kadi wakati wa vita vyote vile, ilikuja kugawa mkate kwa kadi Julai 1946, vita vimeisha na wao ndo washindi! Ni miaka hiyohiyo walikuja kumwaga matrekta Kongwa kulima karanga wapate mafuta ya kula ya watu wao, wazee wa Dodoma wanajua ile shughuli iliishia wapi. Basi Juni 1947 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marshall, akatangaza mpango wa kuinyanyua Ulaya, ukaja kufikia kama dola bilioni 13. Walialikwa hata Warusi, Molotov, waziri wao wa mambo ya nje, akaenda Paris akakaa siku chache akaondoka. Chekoslovakia ilikuwa imeshakubali, ikaitwa Moscow, ikarudi imekataa, na Februari 1948 wakomunisti wakashika nchi kule Prague.

Hapa huwa nabishana na mwanangu. Yeye anasema Stalin alikuwa mkorofi basi. Mimi nasema mkorofi alikuwa, tena sana, lakini pia alikuwa na hofu na hofu yake ilikuwa na makaburi. Nchi yake ilipoteza watu zaidi ya milioni 20 kwenye ile vita, na Mjerumani alikuwa ameivamia mara mbili ndani ya miaka thelathini. Yeye alitaka Ujerumani ibaki dhaifu, ing'olewe mitambo, imlipe. Wamarekani na Waingereza wao walishapiga hesabu wakaona viwanda vya Ujerumani visipowaka Ulaya nzima itakuwa ombaomba wao. Mmoja anataka mgonjwa abaki kitandani, mwingine anataka ainuke akafanye kazi, na mgonjwa ni mmoja.

Ugomvi ukaja kupasuka kwenye hela.

Hela ya zamani, Reichsmark, ilikuwa imekufa haijazikwa. Watu walikuwa wananunuliana kwa sigara, yaani sigara ndo hela, ukitaka viazi unatoa sigara, ukitaka kushonewa kiatu unatoa sigara, mvutaji alikuwa anachoma mshahara. Na kulikuwa na kosa moja la ajabu, mwaka 1944 Wamarekani waliwapa Warusi mabamba ya kuchapia noti za jeshi za kutumia Ujerumani. Wakachapa. Wakachapa kadiri walivyotaka. Wewe kampe mwenzako muhuri wako wa ofisi akae nao nyumbani kwake uone.

Kwaiyo nchi za magharibi zikaamua kuleta noti mpya, na zikaleta kwa siri. Zilichapwa Marekani, zikapakiwa kwenye masanduku, zikavuka bahari mpaka bandari ya Bremerhaven, na masanduku yakaandikwa kwamba ndani kuna vitasa vya milango. Vitasa! Hapo mimi kama mtu wa tali nacheka peke yangu kila nikisoma, maana nyie mmefundishwa wiki mbili zilizopita adhabu ya kutangaza mzigo siyo, na hapa serikali nzima imetangaza vitasa ndani kuna hela za kubadilisha nchi. Tarehe 20 Juni 1948 kila mtu kwenye kanda za magharibi akapewa Deutsche Mark 40 za kuanzia, na kesho yake madirisha ya maduka yakajaa bidhaa, kumbe vitu vilikuwepo siku zote vimefichwa stoo vinasubiri hela yenye maana.

Sasa mtazame Mrusi. Hela ya zamani imefutwa kule magharibi, kwake bado inatumika, unadhani makaratasi yale yatakimbilia wapi? Yatamwagika kwake yote. Ikabidi naye atoe hela yake harakaharaka tarehe 23 Juni, noti mpya hazijawa tayari, wakachukua noti zilezile za zamani wakazibandika vikaratasi kama stempu. Watu wa Berlin wana midomo, wakaziita hela za karatasi ya ukutani. Akasema hela hii itumike Berlin nzima. Wenzake wakasema haiwezekani, wakaingiza Deutsche Mark zao kwenye sehemu zao za mji, zimegongwa muhuri wa herufi B. Usiku wa kuamkia tarehe 24 treni zikasimama, Mrusi kafunga njia.

Na mnajua sababu iliyotolewa? Matatizo ya kiufundi. Reli ina matatizo ya kiufundi. Barabara hivohivo, kuna matengenezo. Nyie bado hamjaanza kazi lakini mtaizoea hii sentensi, unafika dirishani na faili lako limekamilika unaambiwa "sistimu iko dauni", na unamuona mwenye sistimu anakunywa chai. Basi ilianza zamani.

Ghala za Berlin Magharibi zilikuwa na chakula cha siku kama 36 na makaa ya mawe ya siku 45. Jenerali Clay, mkubwa wa Wamarekani pale, akapendekeza apeleke msafara wa malori na vifaru upite kwa nguvu. Washington wakamkatalia, kwa sababu risasi moja ikitoka pale ni vita ya tatu. Lakini sikilizeni, kulikuwa na tatizo jingine, na hili ndo lililonifanya niikubali stori hii. Clay hakuwa na karatasi. Juni 1945 alikaa na Marshal Zhukov wa Warusi wakakubaliana kwa mdomo malori na treni zitapita, kwa mdomo tu, vita imeisha jana, watu wanakunywa vodka pamoja, nani anaanza kuombana saini? Baadaye Clay mwenyewe alikiri pale alikosea. Lakini angani ilikuwa tofauti. Novemba 1945 waliandikishana, kwa sababu ndege zilikuwa zinapishana vibaya ikaonekana ni hatari, wakaandika kabisa, njia tatu za anga kutoka magharibi kwenda Berlin, kila moja upana wa kilometa 32. Ikafunguliwa na ofisi ya usalama wa anga pale Berlin, maofisa wa nchi zote nne wanakaa chumba kimoja wanapokea taarifa za ndege.

Na sasa shika hapo. Machi 1948 Warusi waliondoka kwenye baraza la pamoja la kuitawala Ujerumani, Marshal Sokolovsky alinyanyuka akatoka na watu wake. Juni wakaondoka kwenye kamati ya pamoja ya mji. Lakini kwenye kile chumba cha usalama wa anga hawakuondoka. Mji umezingirwa, watu wanakula viazi vya unga, magazeti yanatukanana kila siku, na kwenye chumba kimoja ofisa wa Kirusi amekaa na wa Kimarekani, wa Kiingereza na wa Kifaransa wanapeana taarifa za ndege hizohizo zinazovunja mzingiro wake. Kwa sababu kulikuwa na karatasi. Kumzuia mtu barabarani ni kuweka gogo tu, kumzuia angani lazima umpige, na ukimpiga mbele ya karatasi yenye saini yako wewe ndo umeanzisha. Na walishaonja hatari yake Aprili ya mwaka huo, ndege ya kivita ya Kirusi iligongana na ndege ya abiria ya Kiingereza karibu na uwanja wa Gatow, wakafa watu 15, rubani wa Kirusi akiwemo. Pande zote ziliogopa.

Haya, basi tuje kwenye mizigo maana hicho ndo chakula chenu.

Mji ulihitaji angalau kama tani 4,500 kwa siku. Siku ya kwanza, tarehe 26 Juni, Wamarekani wakapeleka tani kama 80. Themanini! Ndege waliyokuwa nayo pale ni C-47, inabeba kama tani tatu. Pigeni hesabu wenyewe, tani 4,500 kwa ndege ya tani tatu ni kutua mara 1,500 kwa siku. Haiwezekani, hata uwe malaika. Wakakusanya C-54 kutoka kila kona ya dunia, zile zinabeba kama tani kumi, hapo angalau hesabu inakuja mara 450, bado ni wazimu lakini ni wazimu unaoweza kuuandikia ratiba. Waingereza nao wakaingia na zao, kila aina ya ndege iliyokuwa na mabawa.

Mwanzoni ilikuwa vurugu, marubani mashujaa, kila mtu anajiona. Mwishoni mwa Julai akaletwa mtu anaitwa William Tunner. Huyu ndo mtu wangu. Wakati wa vita aliendesha safari za mizigo kupita juu ya Himalaya kwenda China, hakuwa mtu wa ushujaa, alikuwa mtu wa ratiba. Tarehe 13 Agosti, siku ya Ijumaa, anaruka kwenda Berlin, mawingu yako chini mpaka kwenye mapaa, mvua, C-54 moja ikapitiliza uwanja wa Tempelhof ikawaka moto, iliyofuata ikakanyaga breki matairi yakapasuka, nyingine ikatua kwenye njia ambayo haijamaliza kujengwa ikazunguka kama pia. Juu huku ndege zimepangana kwenye mawingu zinazunguka zikisubiri, na mkubwa Tunner yupo humohumo kwenye foleni, juu ya mji, anasikia marubani wanavyopiga kelele redioni kwa hofu. Mliowahi kuona foleni ya malori usiku getini, dereva mmoja kazima gari katikati, mnaijua ile hali, sasa iweke hewani.

Akashika redio akaamuru ndege zote zilizoko juu zirudi zilikotoka na mzigo wake. Na kuanzia pale akaweka sheria, rubani ukikosa kutua mara ya kwanza hakuna kuzunguka kujaribu tena, unarudi nyumbani na mzigo wako unapanga mstari upya. Wote wanaruka kwa kufuata vyombo hata kama jua linawaka. Mwendo mmoja, nafasi moja, dakika tatu kati ya ndege na ndege. Na akakataza marubani kushuka kwenda kantini, maana alishagundua ndege inashushwa mzigo imeisha rubani bado anakunywa kahawa anapiga soga. Kahawa ikamfuata rubani kwenye ndege, magari ya vitafunwa yanazunguka uwanjani, na inasemekana wahudumu walichaguliwa mabinti warembo wa Berlin makusudi ili rubani asitamani kwenda popote. Mtu wa hali ya hewa naye anakuja na jeep pale ulipo. Ndege inagusa chini, inashusha, inaondoka, ndani ya nusu saa. Na kushusha ni kwa mikono, makuli wa Kijerumani wamejipanga, tani kumi za makaa kwenye magunia, weusi kama usiku, nimewahi kuona picha zao nikawatambua mara moja, mgongo wa kuli ni uleule dunia nzima.

Maana mzigo mkubwa ulikuwa makaa ya mawe, yalichukua kama theluthi mbili ya uzito wote. Watu wanadhani walipeleka chakula, walipeleka moto. Vumbi la makaa likaingia kwenye nyaya za ndege, marubani wakawa wanalilalamikia kila siku. Na kwenye chakula angalieni akili, hawakupeleka mikate, mkate una maji ndani yake na maji ni uzito bure, walipeleka unga. Nyama ilitolewa mifupa kwanza. Viazi vilikaushwa vikawa unga unga, watu walivila wakanuna lakini walivila. Chumvi ndo ilisumbua, chumvi inakula bati la ndege, Waingereza wakakumbuka wana ndege zao za majini aina ya Sunderland ambazo tumbo lake limetengenezwa kuvumilia maji ya bahari, zikawa zinapakia chumvi mtoni Elbe kule Hamburg na kutua ziwani Havel ndani ya Berlin, mpaka baridi ilipokaribia kugandisha maji. Aliyewaza hivo nilitamani nimpe mkono.

Viwanja viwili havikutosha, wakajenga cha tatu, Tegel, upande wa Wafaransa. Walikijenga watu wa Berlin wenyewe, maelfu kwa maelfu, wanawake wengi wakiwemo, kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu, muda wa miezi kama mitatu. Mashine nzito za barabara zilikuwa haziingii kwenye ndege, wakazikata vipande kwa moto, wakazipakia, wakaziunga upya kulekule. Tatizo likabaki minara ya redio iliyokuwa inatumiwa na Warusi, imesimama kwenye njia ya ndege. Jenerali wa Kifaransa, Ganeval, akaomba itolewe, hakujibiwa. Tarehe 16 Desemba akailipua. Inasimuliwa kamanda wa Kirusi alikuja amefura akamuuliza umewezaje kufanya kitu kama hiki, Mfaransa akamjibu, kwa baruti.

Na wenye mji je? Umeme ulikuja saa chache kwa siku, na siyo saa unayotaka, mama anaamka saa nane ya usiku kwa sababu umeme umekuja ndo apike, apige pasi, halafu giza. Miti ya bustani kubwa ya Tiergarten iliishia jikoni. Warusi wakatangaza mtu yeyote wa magharibi ajiandikishe upande wao apate chakula, na waliokubali walikuwa wachache sana ukilinganisha na mji wenyewe. Lakini nisiwadanganye, mzingiro haukuwa wa kufungika kama chupa. Watu walivuka kwenda mashariki kwa treni za mjini wakabadilishana vitu, magendo yalikuwepo, nani akae na njaa na upande wa pili kuna kabichi? Wanaosimulia kwamba kila punje ilishuka kutoka mbinguni wanapamba.

Kulikuwa na mwanasiasa pale anaitwa Ernst Reuter, alichaguliwa meya 1947 Warusi wakamkataa. Sasa uzuri wake, huyu alikuwa mkomunisti zamani, baada ya mapinduzi ya 1917 aliwahi kuwa kamisaa, yaani mwakilishi wa serikali, kwa Wajerumani wa mto Volga huko Urusi kwenyewe, aliwajua jamaa kwa ndani. Tarehe 9 Septemba 1948 alisimama mbele ya magofu ya Reichstag, jengo la Bunge, umati unaokadiriwa watu 300,000, akaita watu wa dunia, akawaambia utazameni mji huu. Desemba Berlin Magharibi ikapiga kura yake peke yake na huyohuyo akawa meya, na chuo kikuu kipya kikafunguliwa upande wa magharibi, kwaiyo mji ukawa umeshapasuka, tena vyombo na sahani.

Nisimsahau rubani Gail Halvorsen maana wake zetu ndo stori wanayoipenda. Julai alikuta watoto kama thelathini wamesimama kwenye uzio wa Tempelhof, hawaombi kitu. Akawa na vipande viwili tu vya bazoka mfukoni, zile jojo za kutafuna, akawapa, wakagawana na waliokosa wakanusa karatasi. Akawaambia kesho nitadondosha nyingine mkigawana sawa, mtanijua ndege yangu itatikisa mabawa. Akatengeneza vimwavuli vya leso. Alifanya bila ruhusa, wakubwa walipogundua badala ya kumfukuza wakaona huyu ni dhahabu, pipi zikawa zinaletwa kwa tani. Ilikuwa propaganda? Ndiyo ikawa propaganda. Lakini mtoto aliyekula ile chokoleti alikula chokoleti, na kumbuka miaka mitatu tu nyuma ndege za nchi hizohizo zilikuwa zinamdondoshea mama yake mabomu.

Novemba ukungu ulishuka ghala zikaanza kukauka, ila baridi ya mwaka ule haikuwa kali sana, bahati nayo ni mfanyakazi. Na magharibi nao walikuwa wamejibu kwa kuzuia makaa na chuma kwenda upande wa Warusi, kwaiyo viwanda vya mashariki vilianza kukohoa, hili huwa halisemwi sana kwa sababu halina chokoleti ndani yake.

Sasa sikieni mwisho wake ulivyoanza. Mwisho wa Januari 1949 Stalin alijibu maswali ya mwandishi wa habari wa Kimarekani kuhusu mzingiro. Akataja masharti yake, ila hakutaja hela. Hela, ambayo ndo ilikuwa sababu ya ugomvi wote, haimo. Kuna watu Washington waligundua kitu ambacho hakipo kwenye karatasi. Mwanadiplomasia wao Jessup akamvizia Malik wa Urusi pale Umoja wa Mataifa, kama kwa utani, akamuuliza, hivi mzee wenu alisahau kutaja hela au vipi? Malik akasema hajui, ataulizia. Mwezi mzima ukapita. Machi akarudi na jibu, halikuwa kosa. Basi, hapo ndo mlango ulifunguka, kwa neno ambalo halikuandikwa.

Tunner hakuwa na habari na hayo au hakujali. Pasaka ya Aprili 1949 akaamua kuonyesha, mzigo wa aina moja tu, makaa, saa 24, wakafikisha karibu tani 13,000 kwa safari karibu 1,400, yaani kila dakika moja na chembe kuna ndege. Tarehe 12 Mei 1949, dakika moja baada ya saa sita usiku, vizuizi vikaondolewa. Ndege ziliendelea mpaka mwisho wa Septemba, hawakumwamini mtu, wakajaza ghala. Jumla ni kama tani milioni 2.3 na safari zaidi ya 277,000. Walikufa watu kama 101, Waingereza 39, Wamarekani 31, wengine wengi wao Wajerumani, kwa ajali, hakuna aliyekufa kwa risasi.

Na Ujerumani ikawa mbili, ya magharibi Mei, ya mashariki Oktoba mwaka huohuo. NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za magharibi, ilishaanzishwa Aprili, na Agosti Warusi wakalipua bomu lao la kwanza la nyuklia, ile kitu Marekani ilikuwa nayo peke yake ikawa ya wote wawili. Ugomvi wa hizo Ujerumani mbili ulikuja kutufikia hata sisi, 1964 Zanzibar ikaitambua ya mashariki, ya magharibi ikanuna, 1965 ikaondoa misaada yake ya kijeshi na Mwalimu akawaambia basi chukueni na mingine. Maghorofa ya Kikwajuni unayoyaona leo ukishuka boti Unguja ni mabaki ya mkono wa ile Ujerumani ya mashariki.

Nimeona mkono umenyooshwa. Yule wa shati la bluu, uliza. ... Anauliza ndege zilirudi na nini? Huyu mpeni kazi mapema, hakuna anayeuliza hivo isipokuwa mtu wa mizigo. Zilirudi na magunia matupu ya makaa, kwanza, maana magunia yenyewe yaliwatesa, yalichanika hovyo. Zilirudi na wagonjwa, na watoto wadhaifu waliopelekwa kunenepeshwa magharibi. Na zilirudi na bidhaa, viwanda vya Berlin havikulala vyote, walitengeneza balbu na vitu vingine vya umeme kwa umeme huohuo wa saa chache, wakavifunga kwenye maboksi na juu yake wakagonga muhuri kwamba vimetengenezwa Berlin iliyozingirwa. Mzigo ule mwingine mnaukumbuka uliandikwa vitasa. Huu uliandikwa balbu, ukifungua unakuta balbu.